Kumi na Tatu Toa Tisa

Mhadhara uliosomwa Sigalagala, Kakamega, mbele ya walimu wa shule za msingi na wazazi



Nilipotakiwa nizungumze nanyi juu ya utafiti ambao walimu wa shule za msingi za Japani wameufanya, na wangali wakiufanya, juu ya namna ya kufundisha kila somo, nilidhani kwanza kuwa sina budi kufungua kwa tarehe za wafalme na sheria za serikali, kama ilivyo ada ya wahadhiri. Lakini nikakumbuka kuwa wengi wenu mmetoka darasani muda si mrefu, vidole vingali na vumbi la chaki, na mtu aliyechoka hupenda aonyeshwe kitu kabla ya kusimuliwa nasaba yake. Kwa hiyo naanza na hesabu moja ya mtoto wa miaka sita au saba, hesabu ambayo nimeifundisha miaka mingi pasi na kuifikiria kwa zaidi ya dakika moja: kumi na tatu toa tisa.

Katika shule ya Kijapani, walimu watatu au wanne wa darasa la kwanza wanaweza kukaa alasiri baada ya alasiri, watoto wakiisha kwenda kwao, wakijadiliana kama somo la kwanza la kutoa kwa kuvunja kumi lianze na 13 toa 9, au 12 toa 3, au 12 toa 7. Na mgeni anayewasikiliza, asipokuwa na subira, atawadhania kuwa wanapoteza wakati kwa jambo ambalo kitabu kimekwisha kuliamua. Hakika yake ni kwamba tarakimu ni kisingizio tu, mjadala wenyewe ni wa fikira za mtoto. Akipewa 13 toa 9, tisa iko jirani sana na kumi, kwa hiyo akili yake huvutwa kuitoa ile tisa katika kumi, ikabaki moja, kisha akaiunga ile moja na tatu iliyokuwa imekaa kando, akapata nne. Njia hii wanaiita genkaho, maana yake kutoa kisha kujumlisha. Akipewa 12 toa 3, mkono wake huenda kwanza kwenye ile mbili iliyozidi kumi, akaiondoa, kisha akaondoa moja nyingine katika kumi, akabaki na tisa. Na hii ni gengenho, kutoa kisha kutoa tena. Akipewa 12 toa 7, njia zote mbili zi wazi mbele yake, darasa litagawanyika, na mabishano yatakuwa matamu ila magumu kuyaongoza. Mwalimu anayechagua nambari huwa amechagua fikira ipi itangulie kuzaliwa katika vichwa vya watoto wake siku hiyo, na hilo si jambo la kuachiwa kitabu.

Kisha yupo mtoto wa tatu, ambaye hatumii njia hii wala ile, bali huhesabu kinyumenyume kwa vidole mpaka afike, na aghalabu hufika salama. Andalio la somo la Kijapani humtaja na huyo. Huandikwa kwa safu: katika safu moja swali atakaloliuliza mwalimu, katika safu ya pili majibu yanayotarajiwa kutoka kwa watoto, ya sawa na ya makosa, pamoja na sababu ya kila kosa, na katika safu ya tatu jambo ambalo mwalimu atalitenda akilisikia jibu hilo. Nimeyapitia maandalio yangu mwenyewe ya miaka iliyopita, niliyoyaweka sandukuni kwa sababu ya kuyaenzi, nikaona kuwa nimeandika shabaha ya somo, nimeandika vifaa, nimeandika shughuli ya mwalimu na shughuli ya wanafunzi, nimepiga mistari kwa rula. Lakini safu ile ya kati, ya mambo ambayo mtoto huenda akayafikiri, hata nafasi yake sikuichora.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo, maana jambo hili hunipendeza mno. Mjapani anapoitaja idadi hii husema ju-san, yaani kumi-tatu, na mtoto wake huisikia kumi waziwazi kabla hajaigusa. Nasi tunasema kumi na tatu, kumi yetu ikasikika kama yao, ilhali neno la Kiingereza la idadi hiyohiyo limeifunika kumi mpaka mtoto hawezi kuiona tena. Ni kweli kuwa ishirini na thelathini tulizozipokea kwa Waarabu nazo zimeifunika, lakini ndugu zetu wa Kongo wangali wakisema makumi mbili, na lugha za Waluhya mnazoongea nyumbani nazo huyapanga makumi kwa utaratibu huohuo. Mtoto wa Idakho hapa kwetu huja shuleni na kumi mdomoni mwake. Sisi humwondolea siku ya kwanza, tukamfundisha kuimba majina ya nambari kwa lugha ngeni, kisha tukastaajabu kuwa kuvunja kumi kunamshinda.

Sasa tuingie darasani siku ya somo lenyewe. Kipindi cha shule ya msingi huko ni dakika 45. Mwalimu mmoja kati ya wale waliojadiliana ndiye atakayefundisha, na wenzake, pamoja na walimu wa madarasa mengine, mwalimu mkuu, na pengine mtu wa nje mwenye ujuzi wa somo hilo, husimama kandokando ya kuta wakiwa na nakala ya andalio mkononi. Macho yao hayapo kwa mwalimu. Kila mmoja amejichagulia watoto wawili au watatu wa kuwatazama, akaandika walichokichora, walichokifuta, walichomnong'oneza jirani. Mwalimu huuliza swali kuu, wanaloliita hatsumon, ambalo limepimwa neno kwa neno katika mikutano ile; kisha hunyamaza, akatembea baina ya madawati, na huku kutembea pia kuna jina lake, kikan-shido, kwa sababu si kutembea kwa mlinzi bali ni kwa mtu anayekusanya: ana karatasi ya ramani ya darasa, na juu yake anaandika nani ametumia njia gani, ili ajue amwite nani kwanza na nani mwisho.

Halafu huja sehemu ambayo kwao ndiyo moyo wa somo, neriage. Tamko hili latokana na kitendo cha kukanda, kama mfinyanzi anavyoukanda udongo. Fikira za watoto, zile zilizonyooka na zile zilizopinda, huwekwa ubaoni pamoja na majina ya wenyewe, kisha darasa zima huzikanda: huyu ametoa wapi hii moja, yule mbona hakuigusa tatu, njia ipi ingefaa kama tungepewa 13 toa 4? Na ubao huo haufutwi. Kazi ya ubao, bansho, ni utafiti kamili kwa nafsi yake: swali huandikwa upande wa kushoto, fikira za watoto katikati, hitimisho kulia, hata mtoto aliyezubaa dakika tano anaweza kuinua macho akasoma safari yote tangu mwanzo. Walimu wenzangu, mimi nimefuta ubao mara sita katika kipindi kimoja. Nilijiona ni msafi.

Alasiri hiyo walimu huketi. Aliyefundisha hutangulia kusema, wengine humfuata, na mazungumzo huwa juu ya somo, wala si juu ya mtu: si kwamba fulani ana sauti ndogo, bali kwamba msichana wa dirishani alipata nne kabla ya swali kumalizika, akakaa dakika 20 bila kazi, na je, tungempa nini? Kisha andalio husahihishwa, na mara nyingine mwalimu mwingine hulifundisha upya katika darasa jingine. Kazi hii yote wanaiita jugyo kenkyu, utafiti wa somo, na mtafiti ni mwalimu wa shule ya msingi.

Wajapani hawakuzaliwa na ada hii, na ni muhimu tulijue hilo, tusije tukadhani kuwa iko katika damu yao. Mwaka 1872 serikali ya Meiji ilipotoa sheria ya elimu kwa watoto wote, nchi haikuwa na walimu waliojua kufundisha darasa zima kwa pamoja. Ikafunguliwa shule ya ualimu Tokyo mwaka huohuo, na Mmarekani mmoja, Marion Scott, akaajiriwa awaonyeshe jinsi ya kusimama mbele ya madawati yaliyopangwa kwa safu. Mwaka 1873 ikaongezwa shule ya msingi chini ya chuo hicho, iwe mahali pa kujaribia, na shule hiyo iko hadi leo chini ya Chuo Kikuu cha Tsukuba, ambapo kila mwalimu ni wa kundi la somo lake na wote pamoja hutoa jarida lao la utafiti. Vijana wakapelekwa ng'ambo: Takamine Hideo alisoma Oswego, katika jimbo la New York, akarudi na mafunzo ya Pestalozzi, ya kumwonyesha mtoto kitu chenyewe kabla ya neno, Isawa Shuji akarudi kutoka Massachusetts na somo la muziki. Mwaka 1883 walimu wawili, Wakabayashi Torasaburo na Shirai Kowashi, walichapisha kitabu cha mbinu za ufundishaji ambacho ndani yake walieleza pia namna walimu wanavyopaswa kutazamana wakifundisha, kisha wakakosoana kwa adabu. Hivyo, kile ambacho leo ulimwengu unakwenda kukitafuta Japani, Japani ilianza kwa kukikopa. Ila walichokikopa walikipeleka mikononi mwa mwalimu wa kijijini, wakamwachia akigeuze.

Sitaki mtoke hapa mkiamini kuwa njia yao haina doa. Kabla ya mwaka 1945 masomo yaliyotazamwa na watu yalitumika vilevile kuwalazimisha walimu wafundishe utii kwa dola kwa maneno yaleyale nchi nzima, na hata mwaka 2018 uchunguzi wa shirika la OECD ulionyesha kuwa mwalimu wa shule ya msingi wa huko alikuwa akifanya kazi saa 54 na zaidi kwa juma, jambo ambalo si la kuigwa na mtu mwenye watoto wake nyumbani.

Lakini linalonivutia zaidi ni kwamba utafiti wao haukuwa wa mbinu moja inayobandikwa kwenye masomo yote. Kila somo lilifanyiwa utafiti wake, kwa kuwa kila somo lina mlango wake wa kuingilia akilini. Chukueni sayansi. Mwaka 1963 Itakura Kiyonobu aliasisi mtindo ambao watoto hupewa swali lenye majibu matatu au manne, kila mmoja huchagua lake kwa kuinua mkono, wakabishana kwa hoja, wakaruhusiwa kubadili rai, na mwisho, mwisho kabisa, jaribio likafanywa. Swali lao mashuhuri ni jepesi: mtoto akisimama juu ya mizani kwa miguu miwili, kisha kwa mguu mmoja, kisha akachuchumaa na kujikaza kwa nguvu zake zote, uzito utazidi lini? Hebu liulizeni kesho, kwa mizani ya kupimia mahindi. Mtashangaa jinsi darasa lote, na baadhi ya watu wazima, watakavyoapa kuwa anayejikaza ni mzito zaidi, na jinsi kimya kitakavyoshuka mshale utakapokataa kusogea. Jaribio hilo lingefanywa mwanzo, kama tunavyofanya, lingekuwa habari tu. Likifanywa baada ya mtoto kujifunga kwa rai yake mbele ya wenzake, huwa ni hukumu aliyoingoja.

Ama insha, hapa sina budi kukaa zaidi, kwa sababu hapa pana deni langu.

Katika miaka ya 1930, walimu wa mikoa maskini ya kaskazini ya Japani walianza kuwaambia watoto wasiandike tena sifa za mwezi na maua kwa maneno yaliyokopwa vitabuni, bali waandike maisha yao: mavuno yaliyoharibika, dada aliyepelekwa kufanya kazi kiwandani, deni la baba. Walisoma maandiko hayo darasani kama mtu asomavyo waraka wenye thamani, wakayachapa kwa mikono, wakapelekeana kutoka shule hadi shule, wakaulizana: mtoto huyu ameona nini, na sisi tumuulize nini ili aone zaidi? Mwendo huu waliuita seikatsu tsuzurikata, uandishi wa maisha. Serikali ya vita iliuogopa, na mwaka 1940 na 1941 walimu kadhaa walikamatwa na polisi kwa sababu yake. Lakini baada ya vita ulifufuka, na mwaka 1951 mwalimu kijana wa mkoa wa Yamagata, Muchaku Seikyo, alichapisha maandiko ya wanafunzi wake wa shule ya kati ya kijijini katika kitabu kiitwacho Yamabiko Gakko, nacho kikasomwa nchi nzima.

Sasa sikilizeni deni langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu wa Kiswahili wa darasa la saba katika shule ambayo sitaitaja, niliwapa wanafunzi insha juu ya siku ambayo hawataisahau. Mvulana mmoja aliandika ukurasa na nusu. Hakuanza na jua kuchomoza wala jogoo kuwika. Aliandika kuwa Jumamosi huketi mdomoni mwa shimo la dhahabu ambamo babake huingia, na kwamba kazi yake ni kuhesabu ndoo za udongo zinazopandishwa kwa kamba, kwa sababu baba humwambia kabla ya kuingia kuwa atapandisha ndoo kumi na tatu kisha atoke. Na siku hiyo zilipopanda tisa kamba ikatulia. Aliandika jinsi alivyohesabu nne zilizobaki kwa vidole, akarudia, na kamba haikutikisika, na jinsi baadaye kamba ilivyotikisika, babake akatoka akicheka kuwa alikuwa akipumzika tu. Makosa ya tahajia yalikuwa mengi. Nilimpa alama 14 kwa 40, nikaandika chini kwa kalamu nyekundu: hakuna methali, hakuna tamathali, mwanzo hauvutii.

Mnajua kwa nini nilifanya hivyo. Watahini walitaka, au tuliamini kuwa wanataka, insha iliyopambwa, na sisi tulikuwa tumewakaririsha watoto fungu la methali na mianzo minne iliyokwisha kutengenezwa, ifaayo kwa ajali ya barabarani kama ifaavyo kwa harusi. Hakukuwa na mwalimu mwenzangu aliyeiona insha ile. Daftari lilitoka mkononi mwake likaja mkononi mwangu, likarudi mkononi mwake, na mlango wa darasa ulikuwa umefungwa. Laiti alasiri ile wangalikaa wenzangu watatu tu wakisoma madaftari matano pamoja nami, yupo ambaye angaliniuliza: huyu ametufanya tuihesabu kamba pamoja naye, je, hiyo siyo tamathali? Hesabu ya mtoto yule ndiyo ile niliyoanza nayo jioni hii, nami sikuigundua hadi nywele zangu zilipogeuka mvi.

Sasa habari zetu wenyewe, na Kakamega ina nafasi yake hapa. Mwaka 1998 serikali yetu ya Kenya na shirika la maendeleo la Japani, JICA, walianzisha mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, uliojulikana kwa herufi SMASSE, na kati ya wilaya tisa za kwanza za majaribio zilikuwamo tatu za huku kwetu: Kakamega, Butere-Mumias na Lugari. Mwaka 2003 ulienezwa nchi nzima, na kutoka 2009 hadi 2013 ukashuka hadi shule za msingi, kwa walimu wa darasa la sita hadi la nane, chini ya kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi. Mfano wake ukaigwa na jirani zetu. Uganda walianza wa kwao, SESEMAT, mwaka 2005. Wako humu ukumbini wanaokumbuka likizo zilizokwenda katika mafunzo hayo, na manung'uniko ya posho, na wimbo wa herufi nne tulizozikariri: panga, tenda, tazama, boresha.

Sisemi kuwa mradi ule ulikuwa bure. Ulituambia, kwa sauti ya serikali, kuwa mtoto atende na mwalimu abuni vifaa kwa vitu vilivyopo, vizibo vya soda na vijiti na chupa. Na mwalimu wa kemia aliyekuwa akisimulia majaribio kama hadithi alianza kuyafanya. Lakini ulikuja kwa ngazi: wa Nairobi akamfundisha wa wilaya, wa wilaya akamfundisha wa shule, na maarifa yakafika kwetu kama maji ya mfereji mrefu, yaliyopungua kila kiungo. Tena ulishika hisabati na sayansi tu. Kiswahili, historia, kilimo, muziki na sanaa vilisimama nje mlangoni. Na zaidi ya yote, tulipokea majibu ya utafiti wa watu wengine, hatukupokea kazi ya kutafiti. Tulikariri herufi za panga na tenda. Lakini tazama, ambayo kwa Mjapani ni walimu 10 waliosimama kandokando ya kuta wakimwangalia mtoto anavyofuta, kwetu ilikuwa fomu ya kujaza.

Sababu yake naiona katika neno hilohilo la kutazama. Katika nchi hii jicho linaloingia darasani ni jicho la mkaguzi. Ndivyo lilivyokuwa zama za misheni na za mkoloni. Mwaka 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, iliyowaandaa walimu wa kuzunguka katika shule za vijijini wakiwashauri wenzao, na fikira hiyo ilikuwa njema, lakini hata walimu hao walikuwa watu waliotumwa kutoka juu. Nikiwa kijana kazini, mkaguzi mmoja aliingia darasani kwangu bila hodi, akaomba azimio la kazi, andalio la somo, na kitabu cha mahudhurio. Akavikagua vyote kwa dakika 15 akiwa ameinamisha kichwa, akatia sahihi, akatoka. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 60 wakigawanya visehemu, na hakuna hata mmoja aliyetazamwa. Tangu siku hiyo nilijifunza kufunga mlango, na naamini wengi wenu mmejifunza hivyo hivyo kwa njia zenu.

Mtaniambia kuwa Japani darasa lilikuwa halizidi watoto 40, na kwamba sheria yao ya mwaka 2021 iliishusha idadi hiyo hadi 35 katika shule za msingi, ilhali sisi, tangu elimu ya msingi ilipokuwa bila malipo mwaka 2003, tuna madarasa ya 60, ya 80. Ni kweli, na serikali isiachwe ipumzike juu ya jambo hilo. Lakini katika kazi hii wingi wa watoto wahitaji wingi wa macho, na macho tunayo. Mtaniambia pia kuwa mtaala wa umilisi ulioanza kutumika katika gredi za mwanzo mwaka 2019 umewalemea kwa karatasi. Najua, nimeziona. Ndiyo maana sitaki karatasi nyingine. Nataka somo moja kwa muhula.

Tena nataka tuanzie mahali ambapo mradi haukufika. Somo la muziki, kwa mfano. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka; na ni dhahiri kuwa urithi huokolewa mahali watoto walipo. Ngoma zenyewe ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na midundo yao hupishana na kukutana. Mzee yeyote wa Shinyalu au Malinya anaweza kuwaonyesha, lakini hakuna aliyeketi akauliza: mtoto wa miaka tisa husikia ngoma ipi kwanza? Akikosea, hukosea wapi? Tumpe ndogo au kubwa aanze nayo? Swali hilo ni sawasawa na lile la 13 toa 9, na mtu wa kulitafiti hawezi kutoka Tokyo wala Nairobi. Chuo cha ualimu cha Eregi kiko hapa karibu. Chuo hiki cha ufundi tulimokutana kina mafundi wanaojua mbao. Wazazi wanajua midundo. Mwalimu wa darasa la tatu anajua watoto. Watu hao hawajawahi kuketi chumba kimoja kwa ajili ya kipindi kimoja.

Kwa hiyo nimezungumza na mwalimu mkuu mmoja aliyemo humu ukumbini, naye amekubali. Alhamisi ya wiki ya tatu ya muhula ujao, saa nne asubuhi, nitafundisha mimi, ijapokuwa nimestaafu na mkono wangu wa chaki umeanza kutetemeka. Somo litakuwa insha, gredi ya sita, na swali kuu nitakalouliza nimekwisha kuliandika mara tano na bado halijaniridhisha. Wanaotaka kulikosoa waje Jumatano alasiri, kwa kuwa Alhamisi tutakuwa tumechelewa. Andalio litakuwa na safu tatu. Safu ya kati nimeijaza nusu tu, kwa sababu watoto hao ni wenu na mnawajua kuliko mimi. Nitaomba kila atakayekuja achague watoto wawili, asiniangalie mimi, na aandike neno la kwanza ambalo kila mmoja wao ataliandika kisha akalifuta. Darasa lina madirisha mapana upande wa migomba, na watakaokosa nafasi ndani wanaweza kusimama hapo nje. Mlango nao utaachwa wazi.